Sauti Tano za Asili

Kuna watu wanapenda kitu cha zamani alimradi kisiseme. Nimezunguka nchi hii tangu nina miaka kumi na minne, nimelala Lindi, Tunduru, Kigoma, na sijafika mahali nikawakosa. Lakini wa Chang'ombe wametia fora.

Kanisa silitaji jina, maana lina wanasheria wawili kwenye kwaya. Ndani yake kuna kinanda cha mabomba kilichoundwa Ujerumani mwaka 1887, kikaletwa kwa meli mpaka misheni moja ya kusini, halafu mwaka sabini na mbili kikapakiwa kwenye lori la korosho kuja hapa. Mie nakijua tangu kule kusini. Nilisoma misheni hiyo miaka miwili na kitu, na kila Jumapili kazi yangu ilikuwa kukipa upepo. Nusu ya shule yangu nimeisoma nyuma ya kinanda hicho. Nusu nyingine sikuisoma.

Kinanda cha namna hii hakihitaji umeme. Mmoja anakaa mbele anabonyeza vibao, mwingine yuko nyuma anapandisha na kushusha mpini wa mvukuto, upepo unaingia kwenye mabomba. Kila bomba lina mdomo, mpasuko mwembamba upande wa chini, kama ule wa filimbi. Upepo ukipita hapo, bomba linalia. Basi, habari yenyewe ndiyo hiyo. Mtoto wa chekechea ungemweleza mara moja akaelewa. Kamati ya ukarabati ilikaa vikao saba na haikuelewa.

Mwenyekiti wa kamati anaitwa Gaudens. Ni mtu wa ofisini, mwenye sauti ya kusoma matangazo hata anapoomba chumvi. Nilipofika Chang'ombe mwezi wa nne na begi langu, nikamkuta amesimama chini ya mabomba anamweleza dada Yuliana, mpiga kinanda, mwenzangu wa tangu kusini, mambo yatakavyokuwa.

"Mama, Jumapili ya tarehe ishirini tuna wageni, chama cha wapenda urithi. Wanakuja kukithamini kinanda. Siku hiyo kikilia, kinabaki. Kisipolia, tunauacha huu uso wa mbele kwa ajili ya picha, utumbo wote tunautoa, nyuma pale tunapata stoo ya viti. Kijana Isack ana kibodi yake, inatosha."

"Na mimi?" Yuliana akauliza.

"Wewe utapumzika, Mama. Si umechoka?"

Yuliana amekipiga kinanda hicho miaka arobaini na moja. Amenizidi miaka mitatu tu, na vidole vyake bado vimenyooka kuliko maneno ya Gaudens. Aliniangalia mie, akasema, "Kornelio, bado unaweza kuvuta mpini?"

Nikaliweka begi chini.

Mabomba ya nyuma, yale ya mbao, mchwa waliyamaliza zamani. Yalibaki ya mbele, ishirini na tisa, ya bati lililochanganywa na madini ya risasi. Hatukuweza kuyajaribu hapo hapo kwa sababu kamati iliyafunika wiki mbili nzima ipake rangi. Rangi ya fedha, ya kupulizia magari. Waliposema wanakarabati, walimaanisha hivyo. Ngozi ya mvukuto iliyochanika niliishona mwenyewe kwa uzi wa viatu, na hakuna aliyekuja kuniuliza nafanya nini huko nyuma, kwa kuwa huko nyuma kamera haifiki.

Ijumaa kabla ya wageni turubai likatolewa. Mabomba yanang'aa kama sufuria za harusi. Yuliana akakaa, akakunja mikono ya gauni, akaniambia, "Haya." Nikavuta. Mvukuto ukajaa vizuri, nikausikia upepo unapanda. Yuliana akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza kwa vidole vyote kumi. Kimya, isipokuwa sss, sss, kama tairi lenye pancha. Akageuka, uso umemshuka.

"Kornelio, mwenzangu unasikia kitu? Au ni masikio yangu yamekwisha?"

"Masikio yako mazima, dada. Mie pia sisikii kitu."

Nikachukua ngazi, nikapanda mbele, nikapapasa bomba la kwanza kutafuta mdomo. Hakuna. Laini, kama shavu. La pili laini. La tatu laini. Nikakwaruza kwa ukucha, ikatoka rangi, na chini ya rangi puti, ile wanayozibia magari yaliyobonyea. Mabomba ishirini na tisa, midomo ishirini na tisa, yote imezibwa, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi. Kazi safi sana. Nilikaa juu ya ngazi nikacheka mpaka Yuliana akaanza kunikasirikia.

Tulimfuata Gaudens nje, anapanga viti vya wageni.

"Yale matundu?" akasema. "Si yalikuwa yamepasuka? Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia fundi ayazibe. Wageni wangetuonaje?"

"Bwana Mwenyekiti," nikamwambia, "umekiziba kinanda midomo."

"Mzee, usinifundishe. Kilikuwa na nyufa, sasa hakina."

"Na Jumapili kitalia kwa kutumia nini?"

"Ndiyo maana nikasema kisipolia tuna mpango. Na tafadhali, usinikwaruzie rangi."

Nimewahi kukaa na mbuzi Tunduru miezi minane. Mbuzi ukimwonyesha kosa lake, walau anatazama pembeni.

Fundi mwenyewe ana gereji mtaa wa tatu kutoka pale, anaitwa Hudhaifa. Ukoo wao ni Waarabu wa duka, wanauza vipuri tangu enzi za babu yao, lakini huyu aliona bora apake rangi. Wanasema gari likitoka kwake, mwenye gari mwenyewe anasahau alipoligonga. Nilimkuta ameinama kwenye mlango wa gari la Noah.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyepaka rangi mabomba ya kanisani?"

Akanyanyuka anatabasamu. "Mie. Umeyaonaje?"

"Umeyaua."

Tabasamu likaondoka. Ukutani palikuwa na filimbi ya refa inaning'inia kwenye msumari, kumbe Ijumaa huwa anachezesha mechi za mtaani. Nikaitungua, nikampa. "Ziba kile kitundu cha juu kwa kidole, upulize."

Akapuliza. Ikatoka hewa tupu. Akaondoa kidole, akapuliza, mbwa wa jirani akabweka. Akairudia tena, na kidole, bila kidole. Halafu akakaa kwenye tairi.

"Wallahi, mzee, mie niliona yamepasuka yote, tena sehemu ile ile. Nikasema kumbe hata hawa Wajerumani walikuwa wanaharibu kazi."

"Sasa yanazibuka?"

"Mie sijawahi kutoa kazi mbovu mtaa huu," akasema, na alikasirika, nadhani alijikasirikia mwenyewe. "Kesho nafunga gereji."

Jumamosi alikuja na chupa ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, pamba, na fungu la vijiti vya mshikaki. Nilimkataza misumari na bisibisi, maana bati lile ni laini, ukilichokoa na chuma mdomo unapinda na sauti hairudi tena. Akawa analowesha puti kwa pamba, anangoja, anachokoa kidogo kidogo kwa kijiti, analowesha tena. Bomba moja lilikula zaidi ya saa nzima. Mlinzi anafunga kanisa saa kumi na mbili jioni, na funguo hampi mtu. Hesabu ikawa wazi: ishirini na tisa hayawezekani.

"Nipeni matano," Yuliana akasema.

"Matano utapiga nini?"

Akafumba macho, akaimba chini chini wimbo mmoja wa mavuno, wa kusini, ambao mama zetu walikuwa wakiuimba wakitoka shambani kabla misheni haijaubatiza. Aliuhesabu kwa vidole. Unapanda na kushuka kwenye sauti tano, hauna ya sita. Akanyoosha mkono. "Lile, lile, lile, na yale mawili ya kati."

Bomba la kwanza lilipozibuka nilikwenda nyuma, nikavuta. Yuliana akabonyeza. Likalia, sauti nene, nzito, ya kifuani. Hudhaifa alikuwa bado yuko juu ya ngazi, shavu lake karibu na mdomo wa bomba, upepo unampiga usoni.

"Subhanallah," akasema. Halafu, "Rudia."

Tukarudia.

"Rudia tena, mzee."

Alinivutisha mpini mara nne, mzee wa miaka sabini na moja. Na nawaambia, katika watu wote waliosema wanakithamini kinanda kile mwezi ule, ni huyo tu aliyethamini, na hata dini yake si hiyo.

Saa kumi na mbili kasoro tulikuwa na matano. Mlinzi akatutoa.

Jumapili wageni walikuja kumi na wanne, wakiongozwa na bwana mmoja anaitwa Fredrick, aliyesoma Ulaya na kurudi na skafu. Joto la huku Temeke linajulikana, lakini skafu haikutoka shingoni. Walipiga picha mabomba kutoka kushoto, wakayapiga kutoka kulia, wakajipiga wenyewe wakiwa mbele yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yanaliaje. Gaudens alivaa suti ya rangi ile ile ya mabomba. Ungempanga kwenye mstari pale, wangempiga picha naye.

"Mabibi na mabwana," Fredrick akasema, "mbele yetu imesimama karne ya kumi na tisa. Tazameni mng'ao huu wa asili!"

Hudhaifa alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake. Akainamisha kichwa. Mng'ao wa asili ulikuwa bado unanukia thina.

Hotuba ziliendelea mpaka watoto wakaanza kulia. Mwishowe Gaudens akamfanyia Isack ishara aanze na kibodi. Mie nilikuwa nyuma, mkono uko kwenye mpini. Yuliana hakungoja ishara ya mtu. Alikaa, nikavuta, akapiga.

Sauti tano. Zilitoka polepole, moja moja, zikajaa mpaka kwenye bati la paa. Mara ya kwanza kanisa lote lilishtuka. Mara ya pili nikasikia bibi mmoja wa upande wa kulia ameudaka wimbo, akifuatiwa na mwingine, halafu wale wote wa kusini, kanga kiunoni, wanaimba kwa maneno ya nyumbani. Mara ya tatu nilikuwa natoka jasho kwenye macho. Yuliana alimaliza, akatoa mikono, akaiweka mapajani.

Kikawa kimelia. Hilo hata Gaudens alilisikia.

Fredrick akaruka kama amechomwa. "Mmesikia? Mmesikia nidhamu ile? Sauti tano tu! Mafundi wa karne ya kumi na tisa hawakuwa na fujo kama sisi. Walichagua sauti tano kwa makusudi, kwa unyenyekevu. Huu ndio urithi wenyewe!"

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akaandika kwenye daftari, na nina hakika aliandika tano.

Gaudens naye, ambaye juzi yake alikuwa tayari kutoa utumbo aweke viti, akasimama na kukohoa. "Kamati yangu ilifanya utafiti wa kina. Tuliazimia tangu mwanzo kuhifadhi sauti tano za asili. Kwa hiyo natangaza rasmi: kinanda kinabaki, Mama Yuliana anabaki, na ni marufuku mtu yeyote kugusa mabomba yale mengine."

Nilimchungulia Yuliana kupitia mwanya wa ubao. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Wapi! Alikuwa ameuma leso asicheke kwa sauti mbele ya madhabahu.

Begi langu lilikuwa limefungwa tangu Jumamosi. Nilikusudia Jumatatu niende Kilwa, nina mtu kule ananidai salamu. Lakini Jumamosi iliyofuata, saa kumi jioni, Hudhaifa akanipitia na vijiti vya mshikaki kwenye mfuko wa shati.

"Twende, mzee. La sita."

"Mwenyekiti amepiga marufuku."

"Mie amri ya mtu asiyejua tofauti ya gari na filimbi siifuati."

Tangu hapo kila Jumamosi tunazibua moja, mawili mlinzi akichelewa. Jumapili iliyopita tulifika kumi na tisa, na Yuliana alipiga wimbo mzima kwa mikono miwili. Gaudens alikuwa amekaa mstari wa mbele, mita nne kutoka kwenye mabomba. Tulipotoka alinipa mkono, akaniambia hizo sauti tano kila wiki zinazidi kumgusa.

Yamebaki kumi.