Faili la Sitini na Moja

Chupa ilikuwa sandukuni, chini ya vitenge, imezungushiwa kitambaa mara mbili kama mali ya wizi. Dawa ya kijani ilijaa hadi shingoni, mfuniko haujafunguliwa. Elise aliitoa kwa vidole viwili, akaiweka juu ya fomu yangu. Nyuma ya pazia mumewe, Anselme, alikuwa akilia kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kulia.

Mimi nami nilikuwa nimechoka, sitasema uongo. Mwezi wa tatu huo nazunguka hospitali sita za upande wetu, napima zinavyowahudumia wagonjwa wa saratani ya utumbo iliyokwisha kusambaa. Kupima kwenyewe ni kufungua faili na kuweka vema kwenye visanduku. Alielezwa ugonjwa wake? Vema. Aliulizwa maumivu? Vema. Alipewa morfini na kufundishwa kuitumia? Vema. Faili la Anselme, la sitini na moja na la mwisho, lilikuwa vema tupu kutoka juu hadi chini. Mgonjwa aliye hai tulitakiwa tumtembelee nyumbani, ndipo asubuhi ile nikatoka Kasese, nikapita Muhokya na Kinyamaseke, mpaka Bwera, kiuno kinauma.

Elise, muuza vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, alinieleza bila kuficha. Chupa hiyo ya morfini walipewa kwenye dirisha la dawa hospitalini, foleni ndefu nyuma yao, na hakuna aliyewaambia neno. Waliomwambia ni watu wa sokoni.

"Bantu banasema, mwenye anakunywa hii, hamalizi juma."

Basi akaificha, akawa anampa mumewe Panadol. Wiki tatu! Nilikasirika, hata sijui nilimkasirikia nani.

Bwana Nuwa, mkuu wetu, alitukanya tangu siku ya kwanza: sisi tunapima, hatutibu, ukimgusa mgonjwa umeharibu takwimu. Lakini mimi nilisomea uuguzi. Nilikaa na kalamu mkononi, namsikia yule baba. Mwishowe nikamwambia Elise kwamba si sumu, nikamsomea karatasi ya chupani: kijiko kidogo, kila baada ya saa nne. Hakusadiki. Huku kwetu anayekukaribisha pombe huionja yeye kwanza, mbele ya macho yako, na Elise alikuwa ameishi huku miaka ya kutosha.

"Onja wewe kwanza," alisema, "ndiyo nimupatie."

Nikaonja. Tone tu kwenye ncha ya ulimi, chungu mpaka machozi yakanilenga. Alinikagua uso kwa muda mrefu, kisha akachukua kijiko akaingia nyuma ya pazia.

Tukangoja kando ya kitanda. Kilio kilipungua, kikakatika, na Elise akasimama akidhani amekufa. Nikamshika mkono, nikamwonyesha kifua cha mumewe kinavyopanda na kushuka. Alasiri Anselme aliamka, akaomba ndizi, akauliza ni dada gani huyu anayekoroma kwenye kiti chake. Kumbe usingizi ulikuwa umenichukua.

Nuwa nilimweleza yote, pamoja na habari ya dirishani. Hakunigombeza. Alisugua macho, akasema faili lile halihesabiki tena maana mpimaji ametia mkono, akalitoa kwenye rundo. Mwezi uliofuata, katika ukumbi mmoja wa Nyamwamba, pale Kasese, matokeo ya faili sitini yalisomwa na hospitali ya Anselme ikatangazwa ya kwanza kati ya sita. Nilipiga makofi kwa sababu wote walipiga.

Jioni ile ile Elise alinipigia simu. Anselme walikuwa wamemzika juzi. Alimaliza chupa mbili, alisema, na siku ya mwisho walikuwa wakiongea habari za Butembo, mpaka akanyamaza. Elise hakulia. Nilitaka kumwambia kwamba faili la mumewe lilitolewa, nikashindwa.

"Ulimuandika kwa kitabu yako?" aliuliza.

"Nilimwandika, mama."

"Aksanti," alisema. "Basi bafanyie na bengine vile."