Baba Anapinga

Programu yetu ya kutambua sauti ilikuwa na kila kitu isipokuwa jina. Ilisikiliza watu wakizungumza, ikaandika maneno yao kwenye skrini. Tulitaka kuitoa bure mtandaoni, yeyote aichukue, aifungue, airekebishe apendavyo. Lakini bila jina isingepokelewa, na tulikuwa tumeahidi kwamba ingetoka jioni ile ile.

Tatizo lilikuwa katiba ya mradi. Tuliiandika kwa moyo safi: kila aliyetoa sauti yake kuifundisha programu ana haki ya kupinga lolote, na pingamizi moja linatosha. Waliotoa sauti wote walikuwa sebuleni kwetu: mimi, dada yangu, fundi simu, mama mwenye nyumba, na baba.

Baba alisaga nafaka maisha yake yote, na mashine ikaondoka na masikio yake. Ni kwa ajili yake nilianza kazi hii. Alikaa mbele ya televisheni kuukuu tuliyoigeuza skrini, akisoma kila tulichosema.

"Sauti ya Wote," nikapendekeza.

"Kama chama kilichoshindwa uchaguzi," dada akasema. "Napinga."

"Voksitoni," akasema fundi simu.

"Hiyo si dawa ya mapunye?" mama mwenye nyumba akauliza. "Napinga. Tuiite Shufaa."

"Shufaa ni nani?"

"Marehemu paka wangu. Hakuna aliyewahi kunisikiliza kama yeye."

"Mama, mimi siwezi kumfanyia kazi paka," fundi akasema.

"Kwani ulipomfanyia kazi mtu, simu yangu ilipona?"

Yote hayo yalipita kwenye skrini kwa herufi kubwa. Baba akapiga paja kwa kicheko. Mwishowe tulichoka, tukamkubali paka.

"Napinga!" baba akanguruma. Hajui tena sauti yake ina ukubwa gani.

"Kwa nini, baba?"

"Basi tu. Endeleeni."

Tukapendekeza jina la babu. Akampinga baba yake mzazi. Dada, kwa hila, akapendekeza jina la baba mwenyewe. Akajipinga.

"Huyu mzee ana lake jambo," dada akanong'ona. Baba akalisoma hilo pia, akacheka, akasogeza kiti mbele.

Hapo nikaelewa. Tangu masikio yazime, tulikuwa tukimwandikia vikaratasi: chakula tayari, vaa sweta, mvua inakuja. Hakuna aliyewahi kumwandikia ugomvi.

Jua likaanza kuzama. "Baba, tafadhali," dada akasema, "basi taja wewe."

Baba akafikiri. "Zogo. Iiteni Zogo."

"Nakubali!" akasema dada.

"Nakubali," akasema fundi, begi tayari begani.

"Shufaa angelipenda. Nakubali."

Skrini ikaandika hayo, kisha ikatulia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na la kusema. Baba aliitazama, mikono magotini, kama mtu aliyeachwa kituoni. Mimi nilibakiza kubonyeza kitufe cha kuitoa mtandaoni tu. Kidole kilikuwa juu yake.

"Napinga," nikasema.

Fundi akabwaga begi. "Wewe ni mzima kweli?" Dada akaniita punguani mwenye shahada. Mama mwenye nyumba akamrudisha paka wake kikaoni. Maneno yakaanza tena kukimbia kwenye skrini, na baba akavuta kiti mbele zaidi.