Povu Hemani

Mvua ilianza pale tu wageni walipokaa. Tone la kwanza lilimwangukia mama mkwe shavuni, la pili likaingia kwenye sahani yake.

"Shemeji!" nilifoka mbele ya watu wote. "Hema lenyewe moja, hata kulisimamisha kumekushinda?"

Mdogo wa mume wangu ni fundi wa mahema. Hili la turubai, refu lenye ncha juu kama pia iliyopinduliwa, alilishona mwenyewe, akatuazima kwa shughuli ya leo. Shemeji alitoka nje akawa anakaza kamba moja moja, maji yakimchuruzika mgongoni. Mimi nikaendelea kumsema mbele ya mama yake: watu siku hizi wanalipua kazi, hata kwa ndugu zao!

Ndipo mama mkwe alipoinua kichwa. "Mbona linatoa povu?"

Kweli. Kwenye mshono juu yetu povu jeupe lilikuwa linafura na kudondoka, likinukia sabuni ya unga. Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Shemeji alikuwa ameniambia, tena akarudia: brashi na maji matupu, sabuni inaondoa dawa ya kuzuia maji. Nikaona ananifundisha usafi, mimi! Jana nikalisugua kwa ndoo nzima ya sabuni.

Shemeji aliingia, akatazama juu, kisha akanitazama mimi. "Mniwie radhi," aliwaambia wageni. "Kosa ni langu, sikulikagua."

Povu likanidondokea puani. Nikalifuta haraka kwa kiganja, macho chini, nikamwacha aendelee kuomba radhi.