Kondoo Kwenye Njia ya Moto

Mwaka wa pili baada ya mbuzi kufukuzwa msituni, nyasi zilimfika Ebla kiunoni, na furaha aliyokuwa nayo ikaanza kuingia wasiwasi.

Msitu wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kipande tu ndani ya kona ya mto Tana, mwendo mfupi kutoka Balambala, mto ukiuzunguka pande tatu na mashamba yakiufunga upande wa nne. Lakini ndani yake ilisimama mipopla ya Tana, mti uliobaki sehemu chache sana duniani, na kati ya hiyo, minne ilikuwa ya kike. Ya kiume huchanua tu. Ya kike ndiyo inayoachia mbegu zenye pamba wakati wake ukifika. Ebla, mwenyekiti wa kikundi cha msitu, aliijua ile minne kama anavyowajua majirani zake. Ikiungua, hapakuwa na mahali pengine karibu pa kutafuta mbegu.

Kikundi chake ndicho kilichopiga marufuku mifugo, kwa kuwa mbuzi walikuwa wakila kila mche uliochomoza. Marufuku ilifaulu. Miche ilikuwa hai, mingine imempita kimo. Ila walipoondoka mbuzi, kondoo waliondoka nao, maana kwa mfugaji wa huku hao ni kundi moja: wanalala boma moja, wanatoka pamoja, wanarudi pamoja. Na kondoo ndio waliokuwa wakila nyasi. Jambo hilo hakuna aliyelifikiria, naye Ebla hakulifikiria.

Mahat, afisa wa misitu aliyetoka Wajir, alikuja asubuhi wakatembea pamoja hadi mahali ambapo mashamba yanakutana na msitu. Alikuwa kijana mwenye haya, anayepima neno kabla ya kulitoa.

"Upepo wa jilaal unatoka huku," alisema, akionyesha mashamba. Jilaal ndio ule msimu mkavu, na ulikuwa umeshaingia. "Moto ukija utapita hapa. Mto unatulinda kwingine kote. Tukisafisha ukanda hapa mpana, toka ukingo huu hadi ule, moto utakosa chakula."

"Na trekta uliyotuahidi?"

"Iko Garissa, eeddo," alijibu, akimwita shangazi kwa heshima, "imeharibika. Nimepiga simu mpaka wamechoka na sauti yangu."

Kikundi kilifyeka kwa mikono wiki nzima. Waliposimama kunyoosha migongo, walikuwa wamesafisha pembe moja tu, na nyasi zilizobaki zilikuwa zimezidi kukauka.

"Tulete kondoo," Ebla alisema.

Mahat alikuna kichwa. "Marufuku yenu inasema mifugo."

"Tuliiweka sisi. Hatuwezi kuilegeza?"

"Kondoo peke yao, na wasivuke ukanda. Hapo nitasimama na nyinyi. Lakini nisione mbuzi anayekula mche."

Mwenye kondoo wengi pale karibu alikuwa Kerrow, mtoto wa baba mdogo wa Ebla. Mbuzi wake ndio waliotolewa msituni kwanza, watu wakitazama, na fimbo ilikuwa mkononi mwa Ebla. Tangu siku hiyo Kerrow alimjibu salamu, basi. Ebla alimkuta akiziba pengo la boma kwa matawi ya miiba.

"Assalamu aleikum, ina-adeer."

"Waaleikum salaam. Mwenyekiti mwenyewe. Fimbo leo umeiacha wapi?"

"Nyumbani. Nimekuja na ombi."

"Kunywa chai kwanza. Kesho usiseme mkutanoni kwamba Kerrow alikunyima."

Alikunywa, akamweleza yote: nyasi, upepo, ile mipopla minne. Kerrow alisikiliza akizungusha kikombe chake.

"Kwa hiyo mbuzi wangu ni wezi, kondoo wangu ni wafanyakazi."

"Mbuzi wako walikula miche, Kerrow. Si uongo."

"Si uongo. Lakini hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekuambia habari ya nyasi siku ile ile."

Ebla alitazama chini. Maneno mengi yalimjia, na yote yalikuwa ya kujitetea. Akayaacha.

"Sasa nakuuliza," alisema.

Kerrow alimaliza chai yake bila haraka. "Kondoo nitakupa. Lakini peke yao hawafanyi kitu. Utaona."

Waliona siku iliyofuata. Kuwatenganisha tu na mbuzi kulikula asubuhi nzima. Kondoo, weupe wenye vichwa vyeusi, walilia na kurudi mbio bomani kila walipoachiwa. Walipofikishwa kwenye ukanda, jua lilikuwa limepanda; wakajisonga pamoja, kila mmoja akaficha kichwa chini ya tumbo la mwenzake, wakasimama hivyo kama gunia moja kubwa. Mahat alijaribu kumsukuma mmoja. Wote walisogea hatua, wakasimama tena. Wanakikundi walicheka hadi machozi.

Ebla hakucheka. Upepo ulikuwa ukimpepeta mtandio.

"Wanamngoja mbuzi," Kerrow alisema. "Mbuzi ndiye anayetangulia. Kondoo hana habari na njia."

"Mbuzi hapana," alisema Mahat.

Ebla alikumbuka wanambuzi wa mama yake walipoachishwa ziwa, na kile kikapu kidogo cha kamba walichovalishwa mdomoni. "Na akifungwa mdomo?"

Kerrow alimkazia macho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya fimbo, alicheka. "Mbuzi wangu wote uliwafukuza. Leo unamtaka mmoja, na unamtaka asifungue mdomo."

"Mahat, unasemaje?"

"Asiyeweza kula," Mahat alisema polepole, "sina neno naye."

Kerrow alileta beberu mzee aliyehasiwa, anayeitwa Karani kwa sababu ya ndevu zake na namna yake ya kutazama watu. Ebla alisuka kile kikapu mwenyewe. Karani alikichukia, akatikisa kichwa, akapiga kwato, halafu akatembea. Kondoo walitoa vichwa vyao matumboni, wakamfuata.

Ikawa kazi ya kila siku. Asubuhi Karani aliongoza, kondoo wakala. Jioni alirudi nyumbani akavuliwa kikapu na kupewa majani yake. Ukanda ulianza kubaki udongo na samadi. Kerrow alizoea kufika kabla ya wengine, na yeye ndiye aliyeona kwamba kando ya mto palikuwa na matete magumu ambayo kondoo hawakuyagusa. Wakaanza kuyafyeka kwa panga.

Hawakuwa wamemaliza matete moto ulipokuja. Mkulima mmoja alikuwa akichoma rundo la mathenge, miti ya miiba aliyoing'oa shambani, upepo ukageuka mkali baada ya sala ya alasiri. Ebla hakuuliza ni nani. Alimwona Kerrow akimvuta Karani kwa sikio kuelekea mtoni, kondoo wote nyuma yake, na nyuma ya kondoo moshi.

Moto ulifika kwenye ukanda ukiwa mrefu kuliko mtu. Hapo ukashuka. Ukatambaa kwenye mizizi, ukatafuta, ukafa vipande vipande. Lakini upande wa matete ulivuka.

Kerrow alichovya shuka lake mtoni, wengine wakachovya magunia, wakaupiga pamoja. Ebla alipiga hadi mikono ikafa ganzi, macho yake kwenye mpopla wa kike uliokuwa karibu zaidi. Mpopla wa kiume uliosimama mbele yake uliungua ubavu mmoja. Moto haukuendelea zaidi ya hapo. Hadi magharibi walizunguka ukandani wakizima samadi iliyokuwa bado inafuka.

"Matete yale," Mahat alisema, sauti imekauka kwa moshi. "Mwakani tuanze nayo."

"Mwakani tuanze mapema," alisema Ebla. "Na Kerrow awe kwenye kikundi, achague yeye siku ya kondoo kuingia."

"Nitafikiria," Kerrow alisema, huku akiinama kumvua Karani kikapu.

Mbuzi alipanua mdomo, akanusa hewa, akaenda moja kwa moja kwenye mche wa mpopla. Kerrow alimdaka mguu wa nyuma.

"Mimi nimekubali," alimwambia Ebla, amemshika kwa mikono miwili. "Huyu bado."