Matuta ya Wilibrodi

Dada yangu Bertilla alinipigia simu nikiwa Kasanga, nimekaa juu ya magunia ya saruji, nasubiri boti ya kuvuka kwenda Kongo.

"Kaka Lazaro, njoo nyumbani. Nina mtoto hataki kuondoka."

"Mtoto gani?"

"Ninaye mwingine? Wilibrodi."

"Ana miaka mingapi sasa?"

"Thelathini na minane, mwezi wa sita."

Nikacheka mpaka wapagazi wakanigeukia.

"Usicheke," akasema. "Amepata mchumba, Evodia, fundi cherehani wa Mpanda, binti wa maana. Chumba wamepanga huko, na kibanda cha kuchomelea mageti amekwisha kumtafutia. Padri wa kule anataka Jumapili ya Matawi wawepo wote wawili, waanze mafundisho ya ndoa. Evodia amesema asipomwona siku hiyo, basi, kila mtu ashike njia yake. Na mwanangu bado yupo hapa anakunywa uji wangu. Wewe ndiye bingwa wa kuondoka katika ukoo huu. Njoo umfundishe."

Boti ikaenda bila mimi. Nimeachwa na vyombo vingi, hicho hakikuniuma.

Nilifika Sumbawanga wiki ya tatu ya Kwaresima, upepo wa juu kule ukinikumbusha kwamba koti langu ni la watu wa ziwani. Kijana wa bodaboda akanipeleka Katandala, tukapita maduka na shule mpaka nyumba zilipoanza kuachana. Nyumba ya mwisho ndiyo yetu, ile ile ya baba, ila majani ya paa yameng'olewa ikapigwa bati. Mlango bado unakwaruza chini. Nilipousukuma, nikausikia ule mkwaruzo, na harufu ya uji wa ulezi ikanijia kutoka jikoni. Nilisimama pale kizingitini. Nilikuwa nasubiri kikohozi cha baba, kile cha alfajiri alichokuwa anatuamshia shamba. Mzee wa miaka sabini na mmoja, nasubiri kikohozi cha mtu niliyemtia udongo mwenyewe.

Bertilla akatoka na mwiko mkononi.

"Lazaro wa kwenye Injili alikaa kaburini siku nne," akasema. "Wewe umekaa miaka ishirini na mitatu. Ingia, upepo unaingia na wewe."

Yeye hakuwahi kuondoka. Wilibrodi alimzaa akiwa hapa hapa kwa wazazi, akamlea hapa. Baba alipougua alimwuguza yeye, na mama vivyo hivyo. Kwa baba niliwahi maziko. Mama alipofariki nilikuwa ng'ambo, Mpulungu, habari zikanifikia baada ya miezi minne, kwa mdomo wa mtu aliyekuwa anauza samaki wa migebuka na hakujua kwamba ananipa msiba.

Wilibrodi alirudi saa kumi na moja kutoka Majengo, anakofanya kazi kwa mtu. Jitu refu, mikono ina vidoadoa vya cheche za kuchomelea. Akainama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia wewe ni mtoto usiyehama."

"Na mimi nasikia wewe ni mtoto usiyekaa," akasema, akaubeba mfuko wangu kuupeleka kwenye chumba chake, ambacho zamani kilikuwa changu. Kwenye fremu ya mlango kuna jina langu nililolichora kwa msumari nilipokuwa darasa la nne, darasa langu la mwisho la kukaa kwenye dawati. Chini yake kuna la kwake.

Asubuhi ya Jumamosi tukaenda shamba. Nilianza somo njiani.

"Kuondoka hakuna ufundi," nikamwambia. "Ondoka asubuhi, hujala. Ukishakula chakula cha mama siku hiyo, umekwisha, miguu inalala. Na usiage watu wengi. Kila unayemuaga anakupa sababu ya kungoja kidogo."

"Leo umekula, mjomba?"

"Bakuli mbili."

Tukacheka. Tulipofika, kicheko kikaniisha.

Huku kwetu nyasi hatuchomi. Mvua zikikolea, unazikata na udongo wake, unazigeuza, unazirundika, unazifukia ndani ya tuta la mviringo linalofika gotini. Juu unapanda maharage. Nyasi zinaoza humo ndani miezi yote ya baridi, na mvua za Novemba zikirudi unalibomoa tuta, unausambaza ule udongo mweusi, unapanda ulezi. Kazi moja kwa misimu miwili ya mwaka. Na baba yetu alikuwa na sheria yake: aliyefukia ndiye atakayesambaza. Alisema mkono uliozika ndio unaojua kilicholala. Siku hizi nafikiri aliiweka ili vijana wake wasitoroke katikati.

Mbele yangu kulikuwa na shamba la nyasi ndefu, na pembe zake nne zimepigwa vigingi vipya, na kamba imevutwa.

"Nani amepima hapa?"

"Mama," akasema Wilibrodi. "Hupima kila mwaka. Novemba nikimaliza kusambaza, jioni ile ile anakwenda kupiga vigingi vya shamba lingine. Halafu mvua zikikolea ananisimamishia jembe mlangoni mwa chumba changu."

"Na hakuna anayekulazimisha?"

"Hakuna. Kila siku ananiambia niondoke, majirani wanatucheka. Lakini jembe lipo mlangoni, mjomba. Utaliruka?" Akatema mate mikononi. "Mara ya kwanza nilipata kazi Tunduma. Nikasema nifukie kwanza, nitaenda Novemba. Novemba kazi ikawa na mtu. Nikifukia leo, nimefungwa mpaka Novemba tena. Evodia hataningoja, na simlaumu."

Hapo akapita Kashinje, jirani Msukuma, na maksai wake wanne na plau.

"Nyie Wafipa," akasema, "ng'ombe wangu wangemaliza hapo kabla ya saa nne. Ninyi mnazika majani kwa mkono, mnayalilia kabisa, kama ndugu yenu."

"Ng'ombe wako wakishakula majani yote, sisi tutazika nini?" Wilibrodi akamjibu. "Labda wewe."

"Mimi nitoshee kwenye tuta la Mfipa? Utahitaji shamba zima." Akapita anacheka na tumbo lake.

Wilibrodi aliinua jembe. Nikamshika mpini.

"Leo usilipige. Nipe siku moja."

Nilimkuta Bertilla uani, ungo mapajani, anachambua maharage. Nikakaa kwenye kinu kilichoinamishwa, pale alipokuwa anakaa mama.

"Dada, mtoto hajakataa kuondoka. Wewe ndiye unayempimia shamba."

Aliendelea kutoa vijiwe.

"Unakumbuka matuta yako?" akaniuliza.

Nilikumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini, nilifukia matuta thelathini na kitu mwezi wa Machi, na Juni nikapanda lori la kwenda Chunya, bila kula, bila kuaga.

"Mama alikataa yasiguswe," akasema Bertilla. "Baba alitaka kuyabomoa, wakagombana. Mama akasema aliyefukia atarudi kusambaza. Ulezi ukapandwa pembeni. Mwaka wa pili, wa tatu. Yakaota nyasi juu, yakashuka. Wilibrodi amejifunzia mpira hapo, anayakwepa. Jioni mama akitoka kanisani anapita kwanza huko, anasimama, ndiyo anakuja kupika. Mpaka amekufa."

"Mimi sikurudi, Bertilla."

"Si umekaa kwenye kinu chake?" Akatupa kijiwe. "Kwa hiyo mimi nilijifunza hivyo. Mtu akiwa na matuta shambani, hata akienda atarudi. Mdomo wangu unamwambia Wilibrodi nenda, na nasema kweli, nataka aoe, nataka wajukuu. Mvua ikikolea naona mkono wangu umeshika vigingi. Nyumba hii ina vyumba vitatu, kaka. Usiku nabingirika mwenyewe mle ndani kama punje moja kwenye debe."

Nimeishi na watu wa kila namna, nimejifunza kusoma vizuri kwa magazeti ya kufungia sukari, maneno ninayo. Siku hiyo niliusogelea ungo. Nikamsaidia kuchambua maharage, na nusu ya vijiwe nikaviacha, akavirudia yeye.

Jumatatu niliamka kabla ya wote. Jembe lilikuwa limesimamishwa mlangoni mwa chumba, kama alivyosema Wilibrodi. Sikuliruka. Nikalichukua. Nilikwenda shamba bila uji tumboni, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nyumba ile bila kula nisiende mbali.

Mikono ilisahau kidogo, kisha ikakumbuka. Tuta la kwanza lilikuwa limekaa kama kofia iliyokaliwa. La pili likawa afadhali. Nilikuwa kwenye la tatu nilipomwona Wilibrodi anakuja mbio, na mama yake nyuma, kanga imelowa umande hadi magotini.

"Mjomba, acha. Unajua sheria. Ukifukia wewe, utasambaza wewe."

"Sheria ni ya baba yangu. Unanifundisha mimi?"

"Novemba ni mbali."

"Ndiyo. Kwa hiyo nenda zako Mpanda, unanikanyagia nyasi."

Alimtazama mama yake. Bertilla alikuwa anayatazama matuta matatu, na mimi nilikuwa namtazama yeye, maana safari ya kijana ilikuwa mdomoni mwake. Akazunguka lile la kwanza, akalibonyeza kwa kisigino.

"Hili litabomoka na mvua ya kesho," akasema. Kisha, bila kumgeukia mwanawe: "Kuna unga wa ulezi kwenye ndoo ya bluu. Mpelekee Evodia. Mwambie usikae karibu na mafuta ya taa, unavuta harufu."

Aliondoka Alhamisi kabla ya Matawi, sanduku na maski yake ya kuchomelea nyuma ya bodaboda, mpaka stendi. Alitaka kubeba na jembe. Bertilla akamnyang'anya, akasema jembe lina mwenyewe.

Sasa nalala kwenye chumba chenye jina langu mlangoni. Malori ya kwenda Kasanga nayasikia yakibadilisha gia, na miguu inawasha, sitadanganya. Mvua ikinishika shambani, Bertilla ananigombeza nisiingie na matope, eti mzee mzima bado unakaa kwa wazazi wako na hujui kufuta miguu. Evodia alipiga simu Jumapili, akaniamkia, akasema unga umefika na aliyeuleta amefika.

Jana nilimwambia dada yangu nimefikisha matuta ishirini na moja. Akaenda mwenyewe kuyaona. Aliporudi akasema ni kumi na tisa, mawili yale ya mwanzo hayahesabiki, kesho niyarudie.