Tanzia ya Willis

Madam Pauline Nchagwa hakuzawadiwa kiti cha mkurugenzi wa jarida la Ziwa Wiki Hii. Alikipanda ngazi kwa ngazi. Alianzia Migori, akitembeza matangazo kwa miguu duka hadi duka. Akawa mwandishi, akawa mhariri, na ofisi ilipohamia Homa Bay akakabidhiwa jarida zima. Mimi Fanuel, naibu wake, nasema bila kumpamba: alikuwa mkali kama pilipili, na jarida lilikuwa zuri kwa sababu hiyo.

Sheria yake kubwa ilihusu ukurasa wa tanzia, ambao huku kwetu ndio watu huanza kuusoma. Enzi za Migori aliwahi kutangaza kifo cha mkata miwa mmoja wa Awendo kwa kuamini simu ya shemeji. Jamaa wakachinja ng'ombe, wengine wakaja wakilia kutoka mbali, wakamkuta marehemu amekaa mlangoni anatafuna muwa. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo ikawa hakuna tanzia mpaka mwili uonekane mochari.

Kisha Willis akapotea ziwani.

Willis alikuwa mpiga picha wetu, mtu wa Rusinga, mcheshi asiyejua kununa. Alileta picha za wavuvi kwa ajili ya jalada. Madam akazitazama, akasema, "Hizi zimelala, Willis. Rudi kesho uniletee ziwa lililo hai." Kesho yake upepo ukapindua mashua. Wavuvi wawili waliokolewa. Willis hakuonekana, wala mwili wake.

Kila wiki baada ya hapo picha yake ilikaa kwenye jalada na maneno yale yale: Willis, Bado Tunakutafuta. Miezi ikapita. Ofisi nzima ilijua kwamba maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya, nenda wewe ukamwambie Madam.

Aliyemwambia ni Lynnet, mke wa Willis. Alikuja asubuhi moja kutoka Rusinga, akasimama nje ya mlango wa ofisi. Mlinzi alimkaribisha, akakataa. Madam akatoka mwenyewe, nami nikamfuata.

"Lynnet, karibu ndani. Mbona unasimama kwa jua?"

"Ooyo, Madam. Hapana. Siwezi ingia."

Akanitazama, kama anayeniomba nimsemee. Madam ni Mkuria, na baadhi ya mambo yetu Waluo yalikuwa yakimpita. Nikamweleza kwamba mjane asiyemaliza desturi za mazishi haingii katika nyumba za watu, asije akawaletea mkosi.

"Lakini huyu si mjane," Madam akasema upesi.

"Hiyo ndio sijui," Lynnet akajibu. "Hata kwa mama yangu siingii. Kama mimi ni mjane, nitawaletea shida. Kama mimi si mjane, bwana yangu ako wapi?"

Madam akashuka ngazi moja, akamkaribia. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Wazee walisema tuzike yago," Lynnet akaendelea. Yago ni lile tunda refu, zito, la mti wa mwegea. Mtu akizama na ziwa likakataa kumrudisha, tunda hilo huzikwa badala yake. "Lakini kila wakikaa chini, mtu anatoa gazeti yenu. Anasema, wakubwa wake bado wanamtafuta, sisi tutamzika aje?"

"Bila mwili sitangazi." Sauti ya Madam ilikuwa imeshuka, sijawahi kuisikia hivyo. "Mimi ndiye nilimrudisha huko, Lynnet. Na zile picha za kwanza hazikuwa na kasoro. Zilikuwa nzuri tu. Nikitangaza amekufa, basi nimemuua."

"Najua ulimrudisha. Aliniambia hiyo jioni, na alikutukana vizuri sana." Akakaribia kutabasamu, akashindwa. "Sikuja juu ya hiyo. Nimekuja uandike, Madam. Tafadhali. Nimechoka kusimama nje."

Madam akaketi kwenye ngazi na suti yake, akaniomba kompyuta. Aliandika polepole, yeye aliyekuwa akitukemea kwa uzembe wa vidole. Kisha akasoma kwa sauti: "Kwa majonzi tunatangaza kifo cha mpiga picha wetu Willis, mume wa Lynnet, kilichotokea ziwani akiwa kazini. Alitumwa na mkurugenzi wake." Nikataka kumwambia sentensi ya mwisho haihitajiki, lakini uso wake ulinifunga mdomo.

"Imeenda?" Lynnet akauliza.

"Itatoka Ijumaa. Sitaibadilisha."

"Nyumbani walinikataza machozi. Ati ukimlilia mtu ako hai, unaita kifo." Akamtazama Madam. "Sasa naweza lia?"

Madam akaitikia kwa kichwa. Lynnet akashika kichwa kwa mikono miwili, akalia jina la mume wake mpaka watu barabarani wakasimama.