Pampu ya Chipukizi

Chumba chetu cha kusafishia damu kina redio moja, imetundikwa juu ya beseni la kunawia, na asubuhi ile mtangazaji aliuliza kwa mara ya tatu wiki hiyo: "Je, taifa linaloinukia kwa kasi ni tishio kwa wakubwa wa dunia? Piga simu utoe maoni yako!" Mimi nilikuwa sakafuni, nimelala chali chini ya mashine, bisibisi mdomoni. Nilitamani kuirushia ile redio kitu kizito. Sikurusha, maana kaka yangu alishapaza sauti kitandani: "Ongezeni sauti hiyo! Spana, toka huko chini usikie mambo ya watu wazima."

Spana ni mimi. Fundi mitambo wa hospitali, mwaka wa ishirini na mbili sasa, mwanamke, tena mkali, na mtanisamehe. Jina hilo alinipa kaka siku aliponipeleka chuo cha ufundi, baada ya kubishana siku tatu na baba zetu wadogo kama mtoto wa kike anafaa kushika spana. Walichoka wao, yeye hakuchoka. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na ubishi kwake ulikuwa chakula. Figo zilipomgomea, madaktari walimkataza chumvi, wakamkataza na maji mengi, ila ubishi waliusahau.

Chumba kilikuwa na mashine mbili. Ya kwanza, pana kama kabati la nguo, ililetwa zamani na lile taifa kubwa ambalo dunia nzima imezoea kulitii. Tuliiita Mzee. Ya pili ililetwa miaka minne iliyopita na hilohilo taifa linaloinukia, kwa bendi, hotuba na utepe wa kukatwa. Hiyo tuliiita Chipukizi, na taifa lenyewe tukaliita hivyohivyo. Wagonjwa walikuwa kumi na wanane, kila mmoja mara mbili kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Asiyesafishwa damu, sumu humbakia mwilini na maji humpanda hadi mapafuni. Hospitali nyingine yenye mashine kama hizo ni safari ya siku nzima, nayo imejaa pomoni.

Sasa Mungu naye ana utani wake. Kaka, shabiki wa Chipukizi wa kufa na kupona, zamu yake iliangukia kwa Mzee. Na Karani, mstaafu wa mahakama aliyeapa kwamba wakubwa ni wakubwa mpaka kiyama, alipangiwa Chipukizi. Walilala wanatazamana, damu ya kila mmoja inazunguka ndani ya mashine ya upande asioupenda, wanatukanana kwa heshima.

"Huyo Chipukizi anaiga tu," Karani alisema asubuhi ile. "Kuiga si kuweza, mwalimu."

"Na wewe uliiga mwandiko wa bosi wako ukawa karani. Mbona hawakukurudisha nyumbani?"

"Haya, anawatishia kwa lipi? Ana nini wasichokuwa nacho?"

"Miaka," kaka akasema. "Mkubwa haogopi misuli ya mdogo, bwana wee. Anaogopa akianza kuhesabu miaka yake mwenyewe."

Nesi alicheka hadi akakosea kuandika presha ya mtu. Mimi nilikuwa najua jambo ambalo wote wawili hawakulijua. Wanasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwangu walikaa, na mmoja alimwazima mwenzake moyo.

Ilikuwa hivi. Miaka miwili kabla, pampu ya Mzee ilikufa. Wakala wa lile taifa kubwa akatuambia tusubiri nyingine miezi kumi. Miezi kumi! Kwa mgonjwa wa figo? Chipukizi alikuwa amekuja na sanduku la vipuri lenye pampu ya akiba. Nikaitoa, nikakata kipande cha bati nene, nikakichonga kwa tupa siku mbili mpaka pampu ikakaa mahali pake. Ilipozunguka mara ya kwanza nilikaa chini nikalia kama mjinga. Tangu siku hiyo Mzee aliishi kwa pampu ya Chipukizi, na kaka yangu aliishi kwa Mzee.

Na mimi, kama kawaida yangu, niliandika. Mwalimu wangu wa chuo alikuwa akisema fundi asiyeandika ni mchawi, kwa sababu anayemfuata hatajua alichokifanya. Kwa hiyo kila kifaa ninachokigusa nakiandika kwa kalamu nyeupe isiyofutika: ni nini, cha tarehe gani, nimefunga mimi. Kwenye gamba jeusi la ile pampu niliandika tarehe, na chini yake: *Pampu ya Chipukizi. Imefungwa na Fundi. Isitolewe.*

Kisha wakubwa wakagombana. Chanzo sikijui mpaka leo. Kaka alinieleza mara nne, kila mara kwa ramani tofauti. Ninachojua mimi ni barua iliyofika kwa Daktari Mkuu. Taifa kubwa lilitangaza kwamba mashine yake yoyote itakayokutwa na kifaa cha Chipukizi itafungwa, popote ilipo duniani. Wakaguzi wangepita. Kabla yao ilikuja fomu, na swali la saba liliuliza: je, ndani ya mashine kuna kifaa chochote kisicho cha kwetu?

Daktari Mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Fundi, kipo?"

"Kipo."

Akavua miwani. "Ukikitoa?"

"Mzee anakufa leoleo."

"Na tukijibu ndiyo?"

"Wanamfunga."

Akanisogezea fomu na kalamu. "Mimi sijakuuliza kitu," akasema, akatoka nje kwenda kunawa mikono iliyokuwa safi.

Niliandika hapana. Sijawahi kudanganya kwenye karatasi ya kazi, lakini niliandika, na leo nikipewa fomu ileile nitaandika vilevile. Halafu nikamsugua Mzee akang'aa. Nikapaka rangi miguu yake, nikabadilisha skrubu zote zilizoshika kutu. Ndani sikugusa. Mtaniuliza kwa nini, na mimi nimejiuliza mpaka kichwa kikauma. Nimeandika kwenye vifaa miaka ishirini na miwili. Mwandiko wangu siuoni tena, kama vile mtu asivyoiona pua yake.

Mkaguzi hakuwa hata mgeni. Alikuwa mtu wa hapahapa, wa makamo, mpole, ameajiriwa na wakala wao. Alinisalimu vizuri, akaniulizia watoto. Akafungua mfuniko wa nyuma, akapitisha kile kikompyuta chake cha mkononi mbele ya kila kifaa kikipiga picha. Pampu zote gamba lake ni jeusi. Bila kuipasua huwezi kujua ni ya nani. Nilisimama pembeni nimekunja mikono, natania na nesi, roho imetulia kabisa. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Mkono wake ulisimama. Akainama. Akasoma polepole, kwa sauti ya chini, maneno yangu mwenyewe, mpaka lile la mwisho. *Isitolewe.*

"Dada yangu," akasema, wala hakuwa na hasira. "Kwa nini umeandika?"

Nilisogea nikausoma na mimi. Yeye akaendelea:

"Ningepita. Wallahi ningepita tu."

"Basi pita!" nikamwambia. "Futa hiyo picha. Kaka yangu analala kwenye mashine hii kesho saa mbili."

Alinigeuzia kile kikompyuta nione. "Hakina pa kufutia. Kinatuma chenyewe." Akajifuta jasho. "Mimi natumwa tu, dada. Hata pa kufungia sipajui."

Ningempiga. Nilikuwa na spana ya namba kumi na saba mfukoni, na ningempiga kweli, lakini ningekuwa namwonea. Nilimletea maji ya kunywa, akanywa, akaondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Kesho yake saa mbili kasoro kumi nilimwasha Mzee. Skrini ikawaka bluu, ikaandika: *Mashine imefungwa kwa usalama wako.* Kaka alishavua koti, ameshakaa kitandani, amekunja mkono wa shati. Alisoma, akasoma tena. Kisha, jamani, mtu yule alicheka!

"Karani, umeona? Umeona? Wanaogopa! Mtu asiyeogopa hafungi pampu. Pampu, Karani! Si meli ya vita, pampu!"

Karani alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Baadaye aliniita. "Binti, wangu ndio waliofunga," akasema. "Mpe nduguyo zamu yangu moja." Nilipompelekea kaka salamu hizo, alikataa katakata. "Nikilala kwenye zamu yake atanitangaza mji mzima. Mwambie afe na zamu yake."

Ikabaki mashine moja kwa watu kumi na wanane. Daktari Mkuu alipanga upya ratiba: kila mtu mara moja kwa wiki. Aliipanga akiwa amesimama, hakuweza kukaa.

Nilifanya kila nilichokijua. Nilitoa ile pampu, nikarudisha ile iliyokufa, angalau mashine iwe na vitu vyao vitupu. Skrini ikabaki bluu. Nikachomoa betri siku nzima. Nikampigia yule mkaguzi, akalia kwenye simu, akanipa namba ya wakala. Wakala akanipa anwani ya ng'ambo. Nikaandika ng'ambo, Daktari Mkuu akaandika, wizara ikaandika, na jibu likaja siku hiyohiyo, la haraka ajabu: *Ombi lako limepokelewa.* Niliwapigia hata watu wa Chipukizi. Wakasema pole sana, mashine nyingine watatuletea, ikifika zamu yetu kwenye orodha. Mimi ninayeweza kufufua jokofu la chanjo kwa waya wa pasi nilishindwa na kufuli lisilokuwa na tundu. Kufuli halikuwa kwenye chuma. Lilikuwa huko kwao, kwenye meza ya mtu ambaye hajawahi kusikia kwamba nina kaka.

Wiki ya kwanza alivimba miguu. Akavaa kandambili zangu, akasema hatimaye nimemfaa kwa kitu. Wiki ya pili alishindwa kulala chali. Alilala amekaa, mito mitatu mgongoni, na wifi yangu akimshika kichwa kisidondoke. Nilikaa naye kila nilipotoka kazini. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Kaka, ni mwandiko wangu. Ningenyamaza na kalamu yangu ungekuwa unalala kwa Mzee sasa hivi."

Alivuta pumzi mara tatu kabla ya kupata ya kusemea. "Ungekuwa hujaandika," akasema, "ningejua umekufa."

"Usinitanie. Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli." Akapumzika. "Washa redio. Leo wanapigia kura lile swali lao."

Nikawasha. Wapigaji simu walikuwa wengi. Mmoja akasema wapiganapo tembo nyasi huumia, na mtangazaji akamsifu kwa hekima. Nikachukua simu yangu nikapiga. Nilipokelewa! Nikasema, "Mimi ni fundi, na kaka yangu yuko hapa hawezi kulala chali kwa sababu ya pampu ndogo kama ngumi," na mtangazaji akasema, "Asante sana mpigaji wetu, kifupi tu, je, ni tishio au si tishio?" Kaka alininyooshea kidole gumba, anaitikia kwa kichwa: sema ndiyo, sema ndiyo. Muda wa kipindi ukaisha.

Alikufa siku ya kumi na tisa tangu Mzee afungwe, saa nne asubuhi, bado siku mbili zamu yake ifike. Karani alikuja mazikoni akishikiliwa na wanawe wawili. Alisimama kaburini, akasema kwa sauti, watu wote wanasikia: "Mwalimu, umeshinda. Sina hoja." Akakataa kuondoka mpaka walipombeba.

Siku ya ishirini na saba nilikuwa chumbani nabadilisha chujio la maji. Redio ilikuwa inaeleza kwamba viongozi wa pande mbili wamekutana, wamepeana mikono, wamekubaliana kulegeza baadhi ya masharti, mazungumzo yalikuwa ya kirafiki. Nyuma yangu kitu kikalia mlio mmoja mdogo. Nikageuka. Mzee alikuwa amewaka mwenyewe. Hakuna aliyemgusa. Skrini ilikuwa ya kijani, imeandika: *Tayari kumpokea mgonjwa.*

Nesi alishika mdomo. Nilisikia kelele, nikadhani ni za redio, kumbe ni zangu. Sikumbuki nilitukana nini, ila nimeambiwa watu wa maabara walitoka nje. Nilipomaliza, koo limekauka, Mzee alikuwa bado ananisubiri na ile kijani yake.

Mlangoni alikuwa amesimama mama mmoja wa zamu ya mchana, miguu imevimba, anatazama skrini, anaogopa kuniuliza.

"Ingia, mama," nikamwambia. "Nipe nusu saa."

Nilifungua mfuniko, nikarudisha pampu ya Chipukizi mahali pake. Kisha nikatoa ile kalamu nyeupe. Chini ya maneno ya zamani niliandika tarehe aliyofungwa Mzee, chini yake tarehe aliyofunguliwa, na katikati, kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, tarehe ya kaka. Nikafunga skrubu zote nne, nikanawa mikono, nikamsaidia yule mama kupanda kitandani.